Maswali yenu: “enter into”, “pick me” na safari nyingine za Kiingereza

Karibu maswali yote ya safari hii ni ya kwenda, kuja, kupanda na kushuka. Waliotuma neno moja tupu, mfano “up maana yake nini?”, wasubiri hadi watakapoleta sentensi nzima. Kijineno kama hicho peke yake hakina maana ya kudumu, na mimi si mpiga ramli.

Shikamoo ticha. Mwanangu kakatwa maksi kwa kuandika “We entered into the classroom”. Mbona “went into” inakubalika? (Mzazi, Igoma)

Marahaba. Mwalimu wake yuko sahihi. “Enter” imeshabeba “ndani” humo humo. Ni neno lililotokana na Kifaransa, kama “return” na “descend”, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Maneno ya namna hiyo yamebeba uelekeo tayari. “Go”, “come” na “run”, ambayo ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani, yanataja mwendo tu, uelekeo unaletwa na kijineno kinachofuata: “go in”, “go back”, “go down”. Ukiandika “enter into the classroom” au “return back” umelipa nauli mara mbili kwa safari moja. “Enter into” ipo, lakini ni ya mikataba na makubaliano. Naitaja mapema kabla mzazi mwingine hajaenda shuleni kufoka.

Naomba orodha ya phrasal verbs zote (vitenzi vyenye kijineno, kama “go back”) pamoja na maana zake kwa Kiswahili. (Mwanafunzi, Nyegezi)

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Nimeshasema sana kuhusu vijitabu vinavyouzwa stendi, “maneno mia tano”, vimepangwa kuanzia A. Mtu anakariri hadi herufi C, anachoka, mtihani unamkuta hapo. Kinachohitajika ni kuona lugha hizi mbili zinavyogawana kazi. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, alionyesha kuwa kuna lugha zinazoweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi na nyingine zinazoiweka nje yake. Sisi tunaiweka ndani: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Jinsi mtu alivyokwenda tunaisema baadaye: alivuka kwa kupiga kasia, alitoka akichechemea. Mwingereza anageuza. Kitenzi kinabeba jinsi, kijineno kinabeba njia: “he rowed across”, “she limped out”. Ukisema “he crossed by rowing” utaeleweka, ila mwenye lugha atajua umeipitisha kwanza kwenye Kiswahili.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi, simama kando usiwazibie watu njia, umtazame kuli mmoja tu. Anateremka mbio kwenye ubao: “runs down”. Anaingia majini hadi mapajani kuelekea mtumbwini: “wades out”. Anajipandisha ndani: “climbs in”. Anarudi juu na gunia la dagaa, anayumba: “staggers back up”. Mwisho huo una vijineno viwili vimefuatana, na hakuna ubaya. Mwandike makuli watatu namna hiyo, utakuwa umepata zaidi ya kile kijitabu.

Nafanya kazi mapokezi hotelini, Capri Point. Nilimwambia mgeni “I'm coming”, nikaenda kumchukulia funguo. Niliporudi alikuwa ananishangaa.

Lazima ashangae. Sisi mtu anainuka anaondoka huku anasema “nakuja”, na hakuna anayeona ajabu. Kwa Kiingereza, “come” ni kuelekea alipo msemaji au alipo msikilizaji, na wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Sema “I'll be right back”. Akikupigia simu kutoka chumbani kwake, hapo “I'm coming” ni sawa kabisa, maana unamfuata alipo. Na wenye hoteli wangewafundisha wafanyakazi sentensi kumi za aina hii kabla ya kuwanunulia tai.

“Pick me at Nyegezi stand” ni sahihi? (Wengi mno)

Embe ndilo linalochumwa. “Pick me up.”

Nyongeza ambayo hamkuuliza: anayechukuliwa akitajwa kwa kiwakilishi (“me”, “her”), kiwakilishi hicho kinakaa katikati ya kitenzi na kijineno. “Pick me up”, “drop her off”, kamwe si “drop off her”. Ila “on” katika “get on the bus” ni kihusishi, hakihami: “get on it”. Ukikigeuza ikawa “get it on” umeingia mambo ya chumbani, usiiseme mbele ya wakwe.

Kwenye kivuko ni “get in” au “get on”? (Wakala wa tiketi, Kamanga)

“Get on” kwa kivuko, basi, treni, ndege na bodaboda. “Get in” kwa gari dogo, teksi, bajaji na mtumbwi. Unapoweza kusimama ukatembea ndani, mara nyingi ni “on”. Daladala ni “on” hata kama umeinama hadi Buhongwa. Kushuka ni “get off” kwa kundi la kwanza, “get out of” kwa la pili.

Abiria wangu mzungu alipotua nilimuuliza “Where have you reached?” akasema “The airport”. Nilitaka kujua hoteli yake. (Dereva teksi)

Alikujibu ulichouliza. Umefika wapi na umefikia wapi ni maswali mawili, na kile ki-i kidogo cha kwenye “fikia” hakivuki kwenda Kiingereza. Ulitaka “Where are you staying?”

“Go to home” au “go home”?

“Go home.” Tumeshalimaliza hili. Vivyo hivyo “go there”, “come here”, “go abroad”, “go upstairs”.

“Arrive to Nansio”? (Mvuvi, Ukerewe)

Hapana. “Arrive in Nansio” kwa mji, “arrive at the port” kwa bandari. Usiposhika, tumia “reach Nansio”, hiyo haitaki chochote katikati. Wewe mvuvi utapenda kujua kuwa “arrive” kwa asili yake ya Kilatini ilikuwa kufika ukingoni mwa maji.

“I left to Dar.”

“I left for Dar.”

Tumepita daraja la Kigongo–Busisi. Tuandike “across”, “over” au “through”?

“Across” na “over” zote sawa. “Through” ni kwa kitu kinachokuzunguka: msitu, handaki, umati wa watu. Au “we crossed the bridge”, bila nyongeza. Na kama ulivuka hapo kabla ya Juni 2025, hukuwa darajani, ulikuwa “on the ferry”. Soma jibu la wakala wa Kamanga.