Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya ufadhili wa farasi

Mwanangu,

Marahaba, na kamwene. Huku Mufindi hatujambo, isipokuwa ukungu umegoma kuondoka na wachuma chai wanavaa makoti ya mvua mpaka saa nne asubuhi. Mama yako anauliza kama ile sweta imekutosha.

Ujumbe wako nimeusoma, pamoja na ile rasimu ya barua ya maombi. Umeuliza mawili. Kwanza, kama hizi ruzuku za kuwapeleka vijana wapanda farasi Ulaya wakapate mafunzo zinamfaa saisi kama wewe, mtunza farasi anayeongoza wageni shambani kwa tajiri, au ni za watoto wa wenye farasi. Pili, uache kazi uzifuatilie?

Kazi usiache. Omba huku unafanya kazi. Hilo limeisha.

La kwanza ndilo lenye mambo. Ruzuku nyingi za namna hii zina mwenyewe, na mwenyewe anataka kijana wa kwao. Ule mfuko wa The Dressage Foundation, ambao wewe uliniandikia habari zake kwa furaha mpaka ukasahau nukta, uko Lincoln, Nebraska, na ile safari ya Ulaya wanayoigharamia ni kwa vijana wa Marekani. Ni kazi nzuri wanayofanya, lakini haikuhusu. Kwa hiyo ukifungua fomu yoyote, usianze na kiasi cha fedha. Anza na uraia, kisha umri. Kwa FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kundi la vijana wapandaji linakwisha mwaka unaotimiza miaka 21. Wewe umeshavuka. Limebaki kundi la chini ya miaka 25, nalo halikusubiri.

Hao FEI, ambao makao yao yako Lausanne, Uswisi, wana mpango wa kuzisaidia nchi ambazo mchezo huu bado mchanga. Fedha hizo hupitia chama cha taifa, na mtu mmoja mmoja hapeleki ombi. Mfuko wa mshikamano wa Olimpiki nao ni hivyohivyo: una ufadhili wa wanamichezo na wa makocha, lakini ombi linapita kamati ya Olimpiki ya nchi. Maana yake mlango wa kugonga uko Dar es Salaam, kwa kamati hiyo, TOC, na kwa Baraza la Michezo la Taifa. Waulize nani anashughulikia farasi, na ombi la kocha linahitaji nini. Nimesema kocha makusudi. Kushindana kunataka farasi wako mwenyewe na mfuko usio na kitako. Kufundisha kunataka mikono na subira, navyo unavyo.

Halafu kuna njia ambayo haiitwi ruzuku na watu wanaipita. Ujerumani wana mafunzo ya ufundi ya kazi ya farasi, Pferdewirt, ya miaka mitatu. Unafanya kazi zizini, unakwenda shule, na mwenye zizi anakulipa posho ya mwanagenzi. Lazima ujue Kijerumani cha kuelewana na watu, si cha kusalimia. Goethe-Institut iko Dar. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote.

Sasa barua yako. Umeanza, "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kupanda farasi." Futa. Kila mwombaji ana ndoto, na anayesoma maombi amechoka nazo. Andika kitu ambacho binti wa Uholanzi hawezi kuandika.

Andika ule usiku wa yule farasi jike mwekundu, masika yale. Uliniambia mwenyewe kwamba mashimo ya juu ya macho yalikuwa yamejaa kama yamevimbishwa kwa pampu, na povu jeupe likitoka puani kila akipumua, na wewe umeshika hatamu na taulo. Huo ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na vijidudu vidogo mfano wa usubi, vinavyouma jioni na alfajiri, ndiyo maana mnawaingiza bandani kabla jua halijazama. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuumwa, nanyi mmepakana nao kule upande wa Ruaha. Farasi asiyechanjwa akishikwa na aina yake ya mapafu, karibu 9 kati ya 10 hufa, na dawa ya kuua virusi hakuna, ni kuuguza tu. Wewe umeuguza. Kwenye mazizi mengi ya Ulaya, ugonjwa huo watu wameusoma kitabuni tu.

Na huo ugonjwa ndio sababu usiote kwenda na farasi. Ulaya inawaogopa farasi wanaotoka kwetu, na ina haki ya kuogopa. Sheria za karantini hazina mchezo: mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini mashindano ya farasi yalipelekwa Stockholm, kwa sababu Australia ilikataa kulegeza karantini yake. Olimpiki nzima iliinama, sembuse wewe. Utapanda farasi wa huko, kwa hiyo uliza kama ruzuku inalipia masomo na kukodi farasi au ni tiketi ya ndege tu. Uliza pia bima, na kama fedha inatolewa mapema au unarudishiwa baada ya kupeleka risiti. Ikiwa ni ya kurudishiwa, ina maana anayesaidiwa ni tajiri mwenye fedha za kutanguliza.

Baada ya ule usiku, andika usichokijua. Sema wazi kwamba kuongoza wageni unaweza, kutandika, kuosha kwato na kumtuliza farasi mwoga unaweza, lakini hujawahi kufundishwa dresaji, ile ya kumwongoza farasi kwa hatua za mpangilio, wala kuruka viunzi kwa utaratibu. Taja unataka kujifunza nini, kwa miezi mingapi, na ukirudi utamfundisha nani hapa Iringa. Aya moja kwa kila jambo. Usijisifu na usilie shida.

Tahadhari moja ya visa. Utakutana na zizi la Uingereza linalokuambia njoo ufanye kazi bila malipo, tukupe masomo na chumba, kata visa ya utalii. Usikubali. Visa ya matembezi hairuhusu kazi hiyo hata kama hulipwi, na atakayerudishwa uwanja wa ndege ni wewe, si wao. Schengen nayo ni siku 90 ndani ya siku 180, ukizidisha umejifungia mlango.

Kwa maoni yangu, uanze na Kenya. Mtanzania haombi visa, na Nairobi wana mashindano ya farasi ya miaka mingi pale Jamhuri Park na mbio za Ngong. Likizo yako ijayo nenda ukajifunze kwa mtu mwenye zizi la mafunzo, akuone. Barua ya mwalimu wa hapo itaisaidia fomu yako kuliko barua ya tajiri wako, anayetaka ubaki.

Hata Nairobi inataka hati ya safari, na wewe bado hujakata pasipoti. Ni 150,000, hiyo nitalipa mimi, mbao za mwaka huu zimeuzika. Chukua namba yako ya NIDA uanze kujaza mtandaoni, kisha upeleke fomu uhamiaji hapo Iringa mjini. Cheti chako cha kuzaliwa na changu mama yako anavituma kwa basi la Ijumaa kutoka Mafinga. Kavipokee mwenyewe stendi, usimtume mtu.

Baba yako