Kutoka Nakuru hadi Chalbi: upepo wa tairi uwe kiasi gani?

SWALI: Tuko wanne, tutaondoka Nakuru kwa Land Cruiser ya dizeli. Tutapitia Nyahururu na Maralal hadi Loiyangalani, kisha tuvuke jangwa la Chalbi tutokee Marsabit. Fundi mmoja anatuambia tupunguze upepo wa tairi, mwingine anasema tutazimaliza tairi. Tumsikilize nani? Na maji tubebe kiasi gani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Wote wawili wana haki, ila kila mmoja ana barabara yake akilini. Kwenye lami msiguse kitu. Mkishapita mji mdogo wa South Horr na kukaribia Ziwa Turkana, mtakuta mawe meusi ya volkano yenye makali. Hapo shusheni hadi psi (kipimo cha upepo) 26 au 28, si zaidi, kwa sababu tairi laini hutokeza ubavu nje, na ubavu ndio hukatwa. Tundu la msumari mtaliziba wenyewe. Ubavu uliochanika hauzibiki. Bebeni spea mbili.

Kwenye mchanga shusheni hadi psi 18 au 20, tairi ikanyage kwa upana. Msipite kilomita 40 kwa saa wala kukata kona ghafla, tairi isije ikachomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi lami pale Marsabit, jazeni tena kwa pampu ya betri: tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka. Yule fundi wa pili huenda ameziona nyingi za namna hiyo.

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Juu ni ganda la chumvi, chini huenda ni tope. Fuateni alama za magari yaliyotangulia, epukeni penye weusi, na mvua ikinyesha ahirisheni. Aprili, Mei na Novemba msijaribu kabisa. Mkikwama, acheni kukanyaga mafuta mara moja, maana gurudumu likizunguka bure linajichimbia kaburi. Chimbueni, wekeni ubao chini ya jeki isididimie, kisha rudini nyuma kwa njia mliyojia.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu wanne, siku nne, ni lita 80. Ongezeni 20 za rejeta. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20, na maji yake yana uzito wa kilo 100, kwa hiyo ikae chini ndani ya gari, si kwenye keria. Msitegemee Ziwa Turkana kujazia rejeta, maji yake yana magadi.

Jazeni tangi Maralal, na hapo hapo ulizeni polisi hali ya njia ya Baragoi, mtakayopita kwenda South Horr, kabla hamjaondoka.