Moshi wa umeme wetu uko wapi?

Wiki hii maswali yaliyokuja ni ya umeme na gesi. Nimechukua manne.

Unguja hatuna mtambo wa gesi. Tunachafua hewa vipi? (Msomaji, Fumba)

Hapo kwenu ndipo unapotua waya wa baharini kutoka Dar es Salaam. Wa kwanza ulilazwa 1980, wa pili, wa megawati 100, ukaanza kazi 2013. Ndani yake mna mchanganyiko: maji ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inayochomwa Kinyerezi na Ubungo. Ukiwasha pangaboi huwezi kuchagua. Moshi unabakia bara, lakini hewa ukaa huenea dunia nzima na sehemu yake hukaa angani karne kadhaa.

Gesi si safi? Sufuria yangu haipati hata masizi. (Bi mkubwa, Jang'ombe)

Masizi hakuna, mama, na salfa karibu hakuna. Lakini joto kali la mtambo huziunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, zikatoka oksidi za naitrojeni, na hizo huwasumbua wenye pumu.

Kwa upande wa kaboni, uniti moja ya makaa ya mawe hutoa karibu kilo nzima ya hewa ukaa. Mtambo wa gesi wa kawaida hutoa kama nusu kilo. Ule unaotumia joto la moshi wake kuchemsha mvuke wa kuzungushia mtambo wa pili, gramu 400 hivi. Nafuu ipo, usafi bado. Halafu kuna methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya mitambo hiyo: ikivuja kabla ya kuchomwa, kilo yake moja hupasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko ya hewa ukaa katika miaka 20. Anayeisifu gesi mbele yangu namuuliza kwanza mabomba yake yanavuja kiasi gani.

Kwa nini Pemba tusirudie majenereta ya Wesha? (Chake Chake)

La! Dizeli hutoa kama gramu 700 kwa uniti, na masizi juu. Waya wa Tanga wa 2010 uliwapumzisheni.

Natumia uniti 100 kwa mwezi. Kaboni yangu ni kiasi gani? (Wete)

Ungekuwa wote wa gesi, kilo 40 hadi 50. Kwa kuwa maji yamo, ni chini ya hapo. Ila kama mnapikia mkaa chumbani, toeni seredani nje leo. Mita itangoja.