Dawa za maumivu baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, si chaguo la kwanza. Mfuko huo ukitolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, miongozo ya wataalamu wa ganzi hupendekeza parasetamo pamoja na ibuprofeni au diklofenaki, zikitumiwa kwa saa zilizopangwa bila kusubiri maumivu yapande, na ganzi ichomwe kwenye vidonda mgonjwa akiwa bado mezani. Morfini, kwa kuwa huleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu, hubaki akiba ya maumivu makali. Maumivu ya bega, ambayo huwashangaza wengi, hutokana na gesi ya kaboni dioksidi iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji, nayo hupungua yenyewe ndani ya siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asitumie ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kumuuliza daktari wake.