Baba mdogo, kibanja msikiuze

Baba mdogo, shikamoo. Ujumbe wako kwenye kundi la ukoo nimeusoma. Unasema binti yenu amegundua dawa ya UKIMWI huko Marekani, kwamba Wazungu wananilipa fedha nisizojua pa kuziweka, na kwamba mmekaa kikao mkakubaliana kumega sehemu ya kibanja cha babu iuzwe, ili mdogo wangu aje asomee kazi kama yangu na mimi nimpokee. Mwingine akaongeza chini yake kwamba dola zimenisahaulisha hata kaburi la bibi. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilipoanza kujibu hasira ilinipanda. Leo najibu, na wote wasome.

Sijagundua dawa. Hakuna dawa ya kuponya VVU iliyofichwa kwenye jokofu la huku ikingoja niipakie kwenye begi niilete Bukoba. Nalisema hili kwanza kwa sababu nimeambiwa jirani mmoja ameanza kuruka siku zake za kliniki, anasema anangoja dawa ya binti. Mwambieni arudi CTC, kliniki yake ya dawa za VVU, wiki hii hii. Mnakumbuka mwaka 2011, watu walivyofurika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na baadhi yao wakaacha ARV. Sitaki jina langu lifanye kazi ile.

Ninachofanya ni kusoma virusi ambavyo dawa zimeshindwa kuvifubaza. Kimeng'enya ambacho VVU hutumia kujinakili hukosea mara kwa mara, na ndani ya mtu asiyetibiwa huzaliwa mabilioni ya virusi vipya kila siku. Kwa hiyo makosa ya kila namna hutokea. Dawa ikipungua mwilini, labda mtu amekosa nauli ya kwenda kituoni, labda kituo chenyewe kimeishiwa, vile virusi ambavyo kosa lao linavisaidia ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Huo ndio usugu, na anayeupata si lazima awe mzembe. Badiliko moja tu, tunaloliita K103N, lilitosha kuziangusha nevirapini na efavirenzi, dawa ambazo ndugu zetu wengi walizinywa kwa miaka. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza, na leo mnaiona ndani ya kile kidonge kimoja cha TLD. Virusi hupata tabu sana kuizoea. Hata hivyo ripoti ya shirika hilohilo ya Machi 2024 ilionyesha usugu uliofika asilimia 19.6 katika kundi moja: watu waliokuwa wakitumia dawa nyingine, wakahamishiwa dolutegraviri huku virusi bado ni vingi kwenye damu. Na tafiti nyingi za mwanzo zilifanywa kwa aina ya VVU iitwayo B, iliyoenea Marekani na Ulaya ya Magharibi, wakati kwetu wanaugua zaidi A, C na D. Mimi niko hapo, nasoma vinasaba herufi kwa herufi, natafuta ni badiliko lipi linafanya nini katika virusi vya kwetu.

Kazi hii naipenda. Mkoa wetu wa Kagera ndio uliopata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania, mwaka 1983, na sisi tuliozaliwa baadaye tumekua tukipita mbele ya nyumba zilizofungwa milango. Hamhitaji nieleze zaidi.

Sasa makaratasi. Mnadhani mtu akishapata viza amemaliza. Nilikuja kwa viza ya J-1, ya watafiti. Inasimama juu ya hati moja ambayo chuo huiandika, na tarehe ya mwisho ya hati hufuata fedha za mradi. Fedha si za chuo. Ni ruzuku ambayo profesa anaiomba serikalini, anashindana na mamia ya wenzake, anapewa au ananyimwa. Ruzuku ikikoma, mkataba umekoma. Mkataba ukikoma, hati imekoma, na hapo nina siku 30 za kufunga mizigo na kuondoka. Hata mambo yakienda vizuri, njia hiyo ina kikomo cha miaka 5. Zipo ruzuku za mafunzo ambazo zingenipa unafuu, lakini nyingi za serikali hutolewa kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Nimesaidia kuwaandikia wengine maombi ambayo mimi mwenyewe siruhusiwi kuyajaza.

Halafu kuna muhuri wa viza kwenye pasipoti, ambao ni kitu kingine. Wangu umeshaisha muda. Kuishi hapa niko halali kabisa, hakuna wa kunigusa kwa hilo. Lakini nikitoka nje ya nchi siwezi kurudi mpaka niombe upya ubalozini Dar es Salaam, nipangiwe siku ya usaili, nihojiwe kama nina nia ya kurudi nyumbani, ningoje. Na sisi tunaoshika vimelea mara nyingine faili zetu huwekwa pembeni kwa uchunguzi wa ziada usio na tarehe. Mtu anaweza kwenda kuzika na akarudi kukuta kazi imeshapewa mwingine.

Bibi alipofariki mkataba wangu ulikuwa unangoja kuhuishwa. Sikuja. Mazishi niliyaona kwenye simu, binamu akiwa ameishika juu ya vichwa vya watu, mimi nimesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sampuli zilikuwa zimeshatolewa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na zikishayeyuka ni lazima zifanyiwe kazi siku hiyohiyo. Niliwasikia mnaimba, nikazima simu, nikavaa glavu. Kwa hiyo anayesema nimesahau kaburi la bibi naomba aniheshimu kidogo. Nami namheshimu. Sampuli zenyewe, baadhi yake, zinatoka Afrika Mashariki. Zinafika ndani ya barafu kavu kwa siku chache, vibali vyote vimekamilika, hakuna anayeziuliza kama zina nia ya kurudi. Hilo linaniuma kuliko baridi yote ya hapa.

Mwaka 2025 ndio ulionivunja. Januari misaada ya Marekani kwa nchi za nje ilisimamishwa kwa amri, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003 na kulipia dawa za mamilioni ya Waafrika, ukatikisika. Tarehe 1 Mei taasisi ya utafiti wa afya ya serikali, NIH, ikatangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye mgawo wa kupelekwa taasisi ya nje mpaka ipange utaratibu mwingine. Wenzetu wa upande wa huko, waliokuwa wanachukua damu na kuwafuatilia wagonjwa, wakabaki wanauliza mishahara yao. Mkataba wangu ukaongezwa kwa miezi, si kwa mwaka. Ipo viza ya H-1B, ya wafanyakazi wenye taaluma, lakini idara haijaamua kuniombea. Septemba likaja tangazo la rais kwamba ombi jipya la viza hiyo kwa mtu aliye nje ya nchi lilipiwe dola 100,000. Nikitoka nje, mniambie ni maabara gani italipa hizo kwa ajili ya mtu wa Kagera.

Mshahara? Kiwango cha NIH cha 2025 kwa anayeanza baada ya uzamivu ni dola 62,232 kwa mwaka kabla ya makato. Ukiupiga kwa shilingi unashtuka. Kodi ya nyumba na bima zikitoka, kinachobaki ndicho ninachokigawa na ninyi. Nitaendelea kukituma. Orodha mpya msiniletee.

Kuhusu kijana. Kibanja msikiuze. Narudia, baba mdogo: msikiuze, hata kipande, hata kwa sababu yangu. Shahada ya uzamili huku mara nyingi mtu anajilipia, na itameza kibanja chote na bado ada itadaiwa. Uzamivu katika sayansi za baiolojia ni tofauti: vyuo vingi vinamsamehe ada mwanafunzi na kumlipa posho ya kuishi. Anayetaka milioni zenu ili amtafutie nafasi ni tapeli, mfukuzeni.

Na asiwaze Marekani peke yake. Kutoka Bukoba anapanda basi, anavuka Mutukula, jioni yuko Kampala, na pale kuna JCRC, kituo ambacho kimekuwa kikipima usugu wa VVU kwa miaka mingi. Kuna utafiti uitwao NADIA, uliochapishwa 2021, ambao ulifanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe. Ulionyesha kuwa tenofoviri, dawa nyingine iliyomo ndani ya TLD, inaweza kuendelea kutumika pamoja na dolutegraviri hata kwa wagonjwa ambao virusi vyao vina badiliko la K65R, ambalo vitabu vinasema linaifanya dawa hiyo isifae. Jibu hilo lilitoka kwenye kliniki za kwetu, kwa wagonjwa wa kwetu. Nyumbani Tanzania kuna chuo cha afya cha Muhimbili, MUHAS, na taasisi za utafiti wa afya, NIMR na Ifakara. Aanzie huko. Abaki huko.

Lakini pia siwezi kumwambia abaki wakati mimi niliondoka. Kuna mashine nilizozigusa huku ambazo nyumbani nilizisoma kwenye karatasi tu. Kuna watu wamenifundisha kufikiri, hawakunificha kitu. Mnaniuliza kwa nini nisirudi basi. Nimeomba kazi nyumbani, na ninaomba bado. Kinachonitisha ni kwamba vitendanishi vya kusomea vinasaba vinaagizwa kutoka nje, na fedha za kuviagiza zilikuwa zikitoka kwenye mfuko huohuo uliofungwa Januari. Nikirudi nikakaa mbele ya mashine isiyo na vitendanishi, nitakuwa nimemsaidia nani pale CTC?

Kwa hiyo kama ana moyo, na viza zikiruhusu, aje. Aje kwa ufadhili kamili, akiwa na barua ya chuo mkononi, na si kwa fedha za kibanja. Maombi mengi hufungwa mwezi wa Desemba. Anahitaji barua tatu za walimu wanaomjua kweli kweli, si za mkuu wa idara asiyekumbuka sura yake. Ada za maombi na ya mtihani wa Kiingereza nitalipa mimi. Maelezo ya kwa nini anataka kusoma ayaandike mwenyewe, nitayasahihisha na nitakuwa mkali. Na baba mdogo, kwa heshima zote, kuanzia sasa aniandikie yeye mwenyewe, asipitie kwako. Nataka nimsikie akisema kwamba anaitaka kazi hii.