Rada za Kilindini na vyuma vinavyoanguka kutoka angani

Ndugu, umeuliza kama rada za bandarini Kilindini zingeiona ile pete ya chuma ya kilo 500 kabla haijaanguka Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Hazingeiona. Mimi ni fundi wa rada za meli, nakueleza ninavyoijua kazi yenyewe.

Rada ya meli, kama ile ya bandarini, humulika maji, si mbingu. Na hata ukiielekeza juu, nguvu haitoshi: umbali ukiongezeka mara kumi, mwangwi wa mawimbi yake unaorudi hupungua mara elfu kumi. Na kitu kidogo hurudisha mwangwi hafifu. Ukisimama Likoni siku ya kusi, feri utaiona wazi kwenye skrini, lakini ngalawa ya mbao iliyo karibu zaidi inatokea, inapotea, inatokea tena. Sembuse kipande cha sentimita 10 kilichoko kilomita 800 juu, kikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde!

Rada za kufuatilia vyuma vya angani ni nyingine kabisa. Space Fence ya Marekani, iliyoanza kazi 2020 huko Kwajalein katika Pasifiki, haina antena inayozunguka. Ina maelfu ya antena ndogo zilizopangwa bapa, na mwale huelekezwa kwa umeme. Kitu kikikatiza, hupimwa umbali na kasi, njia yake ikapigiwa hesabu.

Kazi ngumu ni kujua kitaanguka lini. Jua likichafuka, hewa ya juu hutanuka na kukivuta kitu chini mapema. Ukikosea dakika 10 tu, umekosea karibu kilomita 4,500, yaani Mombasa hadi Mumbai. Kwa hiyo lazima kipimwe tena na tena, kutoka pande nyingi za dunia.

Kuna waliotaja kituo cha anga cha Waitaliano, Luigi Broglio, pale Ngomeni, Malindi, kwamba kingeiona. Kile hupokea mawimbi yanayotumwa na setilaiti. Chuma kilichokufa hakitumi kitu, mpaka kipigwe mwale ndipo kiitike. Ila mahali penyewe ni pazuri mno. Tuko karibu na ikweta, na vitu vinavyozunguka sambamba na ikweta hupita juu yetu kila mzunguko, ilhali baadhi ya rada za Ulaya haziwezi kuviona kabisa. Serikali ikikaa tena na Waitaliano kuhusu Ngomeni, naomba suala la rada litajwe. Mafundi wa kuihudumia tunao hapa hapa pwani.