Maswali ya Wasomaji: Mto ulihamaje ukauacha mji wa Rodney?

SWALI: Mhariri, nimesimuliwa kwamba huko Marekani ulikuwepo mji wa bandari ya mtoni, ukageuka mahame kwa kuwa mto wenyewe ulihama. Je, hilo linawezekana? Na mto hauwezi kurudi? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu msomaji, linawezekana, na mji unaouulizia bila shaka ni Rodney, katika jimbo la Mississippi. Mto Mississippi hupita katika ardhi laini ya tope na hujipinda kama nyoka: upande wa nje wa kona maji huenda kasi na kuumega ukingo, ilhali upande wa ndani hupoa na kuuacha mchanga utuame. Kufikia mwaka 1870 hivi, fungu la mchanga lilikuwa limeota mbele ya Rodney, mkondo ukasogea magharibi yapata kilomita 3, na meli za mvuke zikakosa pa kutia nanga.

Mji huo ulipewa jina la Jaji Thomas Rodney mwaka 1814, na mnamo 1860 ulikuwa na wakazi wapatao 4,000, pamoja na benki, magazeti na maduka mengi. Utajiri wake ulikuwa pamba. Wasimulizi wengi huanza na fahari ya meli, lakini mimi naona ni dhuluma kutowataja kwanza Waafrika waliofanywa watumwa, ambao ndio walioilima pamba hiyo na kuichuma kwa mikono yao.

Mto nao haukuwa adui wa pekee. Homa ya manjano iliupiga mji mwaka 1843, moto ukateketeza sehemu kubwa mwaka 1869, na reli ilipojengwa ikapita kwingine. Mwaka 1930 gavana aliifuta hadhi yake ya mji.

Ukifika leo utaliona kanisa la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1832. Septemba 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini mwa Marekani, mabaharia wa Rattler, manowari ya Kaskazini, walikamatwa humo katikati ya ibada na wapanda farasi wa Kusini, na manowari ikajibu kwa mizinga. Tufe la chuma lililopachikwa ukutani, juu ya madirisha, ni kumbukumbu ya siku hiyo.

Ama kuhusu kurudi, mkondo haujarudi. Hata hivyo, mto unapofurika, maji huingia tena mpaka kwenye barabara za Rodney, yakatuama karibu na pale meli zilipokuwa zikipakia marobota.